Sukari Haisahau

Toleo hili nilipanga kuandika juu ya kamati za harusi na wachumba wanaogombana kabla hata hawajafika kanisani au msikitini, mada ambayo wengi mmeiulizia. Naomba mniwie radhi, hiyo itasubiri. Nimetoka nyumbani kwetu Nakwa, pale Babati mjini, na nimerudi na jambo ambalo nisipolisema sasa litanikaba. Ni habari ya sukari, habari ya figo, na habari ya siri ndani ya ndoa. Ndoa yenyewe ni ya kwangu mwenyewe.

Kwa wale ambao hamjafika, Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, kama kilomita 170 hivi kutoka Arusha ukishika barabara ya kwenda Dodoma. Ziwa liko pale pale mjini, viboko wamo, na Mlima Kwaraa unakutazama kila unakogeuka. Sisi tumekulia huko kwa ugali, mbaazi, maziwa na samaki wa ziwani. Zamani ukimwona mtu mwenye kitambi mtaani kwetu, ulijua ama ni mfanyabiashara ama ni mgeni. Siku hizi hata kwetu soda ni kitu cha kila siku, bodaboda inakushusha mlangoni, na chipsi mayai zinakaangwa kila kona. Mimi nikija likizo kutoka Dar ndiyo kabisa, nyama choma haikosi.

Baba yangu ana kisukari tangu 1999. Miaka ile ya mwanzo alikuwa mgonjwa wa mtindo tunaoujua wengi. Akijisikia vibaya anakula dawa, akijisikia vizuri anaziweka kabatini. Chai yake ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, na ukimkumbusha anakwambia, "Kila mtu ana siku yake." Halafu mwaka 2014 akapata kidonda mguuni. Kiligoma kupona kwa miezi, mpaka neno "kukata" likatajwa mbele yake. Mguu ulipona, Mungu mkubwa. Na tangu siku hiyo mzee akabadilika kama mtu aliyeokoka. Sukari hagusi. Dawa anakunywa kwa saa. Kila asubuhi anatembea mpaka karibu na ziwa na kurudi. Daftari lake la vipimo ni safi kuliko daftari la mwanafunzi wa darasa la kwanza, na namba zilizomo ni za kumfanya daktari atabasamu.

Sasa fikiria, Pasaka hii tunafika mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka minne, tunamkuta mzee amekaa kibarazani kimya. Kliniki ilikuwa imempa majibu mapya. Kuna protini nyingi kwenye mkojo, kreatinini kwenye damu imepanda, na figo zake zinafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake.

Nilimwamkia. Akaitikia, akanionyesha kiti, akasubiri mama aingie jikoni na mkwewe. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe si ndiye msomi wa nyumba hii? Hebu nieleze. Sukari yangu iko sawa zaidi ya miaka kumi sasa. Madaftari haya hapa. Sasa hizi figo zimeharibiwa na nini?"

Sikuwa na jibu. Shahada yangu ni ya mawasiliano, si ya udaktari. Lakini kuna sababu nyingine iliyonifanya niinamishe kichwa. Miaka mitatu iliyopita nilipimwa afya kwa ajili ya bima ya maisha, sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula ikasoma 9.4. Kipimo cha kisukari ni kuanzia 7.0. Nikapewa metformini na kadi ya kliniki. Dawa nilikunywa miezi miwili nikaacha, maana nilikuwa najisikia poa tu. Kadi niliiweka kwenye gari, kwenye kile kidroo cha mbele, chini ya makaratasi ya bima. Mke wangu hakuwa anajua chochote.

Chujio milioni moja

Usiku ule sikulala. Baada ya siku kadhaa za kusoma na kuwasumbua rafiki zangu madaktari kwa simu, nadhani naweza kumjibu mzee, na ningependa nanyi mlisikie jibu hilo.

Tuanze na figo yenyewe. Unazo mbili, kila moja haizidi sana ukubwa wa ngumi yako. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo kama milioni moja. Kwa siku moja vinachuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu, halafu karibu yote yanarudishwa mwilini na wewe unakojoa lita moja au mbili tu. Kichujio kizuri kinapitisha maji na uchafu, lakini kinazuia protini. Ni kama chujio la tui. Tui linapita, machicha yanabaki.

Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, mambo kadhaa yanatokea kwa pamoja. Mwanzoni figo zinachapa kazi kupita kiasi na shinikizo ndani ya vichujio linapanda. Sukari inaganda kwenye protini za mwili na kuzifanya ngumu. Chembe zinazoshikilia matundu ya chujio zinaanza kufa, na hizo ukizipoteza hazizaliwi tena kirahisi. Kisha makovu yanajengeka. Chujio lenye kovu ni sawa na chujio la tui lililotoboka huku na kuziba kule. Protini inavuja na uchafu unabaki.

Mbaya zaidi ni kwamba haliumi. Unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo huku unacheza mpira Jumapili na washkaji. Miguu ikija kuvimba na mkojo ukawa na povu lisiloisha, mara nyingi maji yameshazidi unga.

Hayo mzee anayajua kwa sehemu. Swali lake ni kwa nini makovu yanaendelea kujengwa wakati sukari ilishashuka. Hapo ndipo tunaingia kwenye jeni.

Kitabu kimoja, kurasa tofauti

Kila chembe ya mwili wako ina kitabu kile kile cha maelekezo, kile tunachokiita vinasaba. Ndani yake kuna jeni kama 20,000, na kila jeni ni kama ukurasa wa mapishi. Chembe ya jicho na chembe ya figo zina kitabu kimoja. Tofauti ni kurasa zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Chembe ya figo ikianza kusoma ukurasa usiohusika, inapika kitu kisichohusika.

Kitu gani kinafungua na kufunga kurasa? Fikiria fundi cherehani na vibiringo vyake vya uzi. Uzi wa vinasaba ni mrefu mno, kwa hiyo umeviringwa kwenye vibiringo vya protini vinavyoitwa histoni. Ukikazwa sana, maandishi hayasomeki. Ukilegezwa, yanasomeka. Mwili unakaza na kulegeza kwa kubandika alama ndogo ndogo za kikemia, nyingine kwenye vibiringo, nyingine kwenye uzi wenyewe. Herufi za kitabu hazibadiliki hata moja. Kinachobadilika ni vibandiko.

Na sukari ikizidi, inavuruga vibandiko. Kwenye figo zinafunguliwa kurasa za kuleta uvimbe na kurasa za kutengeneza nyuzi za kovu. Kurasa za ulinzi nazo zinafungwa. Sasa sikiliza hili. Ukishusha sukari leo, vibandiko havidondoki kesho.

Mwaka 2008 watafiti wa Melbourne, Australia, chini ya Assam El-Osta, walichukua chembe za ukuta wa mshipa wa damu wa binadamu, wakaziweka kwenye sukari nyingi kwa saa 16 tu. Kisha wakazirudisha kwenye sukari ya kawaida. Siku sita baadaye alama zilikuwa bado zipo, na jeni moja kubwa ya kuchochea uvimbe ilikuwa bado imewashwa. Saa 16, msomaji wangu! Hizo zilikuwa chembe za maabara na za mshipa, si mtu mzima na figo zake, lakini zilitosha kuwashtua wanasayansi.

Kwa watu wenyewe, ushahidi ulishaanza kujikusanya. Marekani na Kanada, kuanzia 1983, watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilidhibiti sukari kwa nguvu zote, jingine kwa matibabu ya kawaida ya siku zile. Mwaka 1993 jaribio likasimamishwa kwa sababu tofauti ilikuwa wazi, na wote wakafundishwa njia ya udhibiti mkali. Baada ya muda sukari za makundi yote mawili zikalingana. Ungetarajia na figo zilingane, sivyo? Hazikulingana. Ripoti ya 2011 ilionyesha kwamba, kama miaka 22 tangu waanze, wale waliodhibiti mapema walikuwa na nusu tu ya hatari ya figo kushuka uwezo, ukilinganisha na wale waliochelewa. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Rama Natarajan wa California walichunguza vinasaba vya baadhi ya watu hao hao. Wakakuta alama zilizowatofautisha wagonjwa wa makundi yale mawili bado ziko kwenye chembe za damu zaidi ya miaka 15 baadaye.

Utasema hao ni aina ya kwanza, sisi wengi ni aina ya pili, ile ya ukubwani. Sawa. Uingereza nako walifuatilia watu waliogunduliwa karibuni kuwa na aina ya pili, kuanzia 1977 mpaka 1997. Jaribio lilipoisha, tofauti ya sukari kati ya makundi ilipotea ndani ya mwaka mmoja. Lakini miaka kumi baadaye, wale waliodhibiti mapema kwa vidonge vya zamani au insulini bado walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 24 ya madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho na figo.

Wataalamu wanaiita hali hii kumbukumbu ya sukari. Vibandiko vya jeni si maelezo pekee, kuna na zile protini zilizogandwa na sukari na shinikizo la damu, lakini vinaonekana kubeba sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo.

Basi jibu la mzee ni hili. Figo zake hazikuharibiwa na hii miaka yake mizuri. Hii miaka mizuri ndiyo iliyomfikisha hapa bila mashine. Zinalipa deni la 1999 mpaka 2014. Mwenyewe alishasahau ile chai ya vijiko vinne, figo hazijasahau.

Kando ya ziwa

Nilipomweleza, alinyamaza kitambo. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ningeanza mapema." Hakulia, baba yangu si mtu wa kulia. Lakini alilitazama lile daftari lake kama mtu aliyepokea barua iliyochelewa sana.

Nikaona siwezi kukaa mbele ya mtu huyo na kadi yangu imelala chini ya makaratasi ya bima. Jioni nikamwomba mke wangu tutembee kidogo kuelekea ziwani. Nikaitoa ile kadi kwenye gari, nikamkabidhi. Sikutoa hotuba.

Aliisoma tarehe. Akaisoma tena. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo usiku ulikuwa unaamka kukojoa?"

Sikuelewa. Nikasema ndiyo, mara mbili, mara tatu.

Akakaa chini kwenye nyasi, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Mimi nilijua una mwanamke. Kila usiku unatoka na simu. Mwaka wa pili huu nahesabu. Nikasema ngoja mtoto aanze shule kwanza, ndipo nijue la kufanya."

Jamani! Simu nilikuwa nabeba kwa ajili ya tochi, nisimwashie taa usoni. Mwenzangu alikuwa anapanga maisha bila mimi kwa sababu ya mkojo.

Alipomaliza kucheka ndipo akakasirika, na alikuwa na haki. Hakukasirikia ugonjwa. Alisema, "Ningeumwa mimi, ungetaka kujua lini?" Nikajaribu kusema sikutaka kumtia wasiwasi. Akanijibu kwamba wasiwasi alikuwa nao tayari, ila nilimwacha ahangaike na wa uongo. Mtoto wa Tanga yule, akianza kupanga maneno yake huna pa kukatizia.

Wanaume wenzangu, hebu tuambiane ukweli. Tunaficha kisukari kwa sababu tunaogopa kuonekana tumepungua. Tumesikia kwamba kinamaliza nguvu za kiume, na ni kweli sukari isiyodhibitiwa inaweza kuharibu mishipa na neva na kuleta tatizo hilo chumbani. Lakini kuificha ndiko kunakoileta. Akina dada nanyi mnaficha, hasa kabla ya ndoa, kwa hofu ya ukweni kusema "mgonjwa huyu atazaa kweli?" Matokeo yake kila mtu anaoa au kuolewa na mtu nusu.

Namba zetu wenyewe

Usidhani haya ni ya familia yetu tu. Mwaka 1989 Dokta Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watu katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari walikuwa kama mtu 1 tu katika kila watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012, kwa watu wa miaka 25 mpaka 64, ulikuta asilimia 9.1. Watu na vipimo havikufanana sana, lakini picha inajieleza.

Na figo? Mwaka 2013 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 369 wa kisukari waliokuwa wanahudhuria kliniki. Zaidi ya 8 kati ya kila 10 walikuwa na alama za ugonjwa wa figo, wengi wao wakiwa na protini kwenye mkojo. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua! Miaka miwili baadaye utafiti wa Kilimanjaro ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima. Mjini ilikuwa kama asilimia 15, vijijini asilimia 2. Sisi vijana wa ofisini, wa viti vya kuzunguka na chakula cha kuletewa, tuko upande gani wa hesabu hiyo?

Figo zikishindwa kabisa, njia ni mbili. Ya kwanza ni mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine, huduma ambayo Muhimbili waliianza Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Machi 2018. Tushukuru zipo. Lakini waulize waliopita huko kama usafiri, muda na pesa ni mchezo.

Kipi kifanyike

Habari njema ni kwamba ile kumbukumbu inafanya kazi pande zote mbili. Kama miaka mibaya haisahauliki, hata miaka mizuri haisahauliki. Udhibiti unaoanza mapema unaendelea kukulipa hata miaka ya mbele. Dawa za kung'oa vibandiko vibaya kwenye jeni za figo bado ziko kwenye utafiti, kwa hiyo akija mtu kukuuzia chupa ya "kusafisha jeni", mwambie asante na uondoke. Yanayojulikana kusaidia ni haya:

Pima sukari, hata kama unajisikia poa. Ukiwa na mzazi au ndugu mwenye kisukari, au kitambi kimeanza kukutangulia, usisubiri kiu wala kukonda.

Kama tayari unacho, omba kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kipimo cha asubuhi moja kinadanganyika. Unaweza kufunga kula vizuri siku mbili ukapita, lakini miezi mitatu hudanganyi.

Kila mwaka pima mkojo kuangalia protini, pamoja na kreatinini ya damu. Kwa kisukari cha ukubwani hili linaanza siku ile ile unayogunduliwa, maana huenda ulikuwa nacho miaka bila kujua.

Presha ni pacha wa sukari. Madaktari wengi hulenga iwe chini ya 130 kwa 80. Zipo dawa za presha zinazolinda vichujio vya figo, jambo lililoonyeshwa tangu 1993 kwa kaptoprili na 2001 kwa losatani. Dada yangu, kama una mimba au unapanga kuipata, mwambie daktari kwanza, kwa sababu dawa za kundi hilo hazimfai mtoto aliye tumboni. Na zipo mpya zaidi, kama dapagliflozini, ambazo majaribio makubwa ya 2019 na 2020 yalionyesha hupunguza kasi ya figo kuharibika. Muulize daktari wako kama zinakufaa.

Acha kumeza diklofenaki kama pipi kila mgongo ukiuma. Dawa za maumivu za jamii hiyo zinaumiza figo, hasa ambazo tayari zimechoka. Sigara nayo uiage.

Na la mwisho, mwambie mwenzako. Wiki hii, si mwakani. Sukari haidhibitiwi na mtu mmoja katika nyumba ya watu wawili. Anayepika ni nani? Anayenunua soda ni nani? Atakayekukumbusha kidonge cha usiku ni nani?

Sisi tulikwenda kupima pamoja kabla hatujaondoka Babati, mkono kwa mkono kama wachumba. Yeye yuko salama. Mimi sukari ya asubuhi ilikuwa 11.2, wastani wa miezi mitatu asilimia 9.1, presha 142 kwa 90. Uwezo wa figo bado ni mzuri. Ila mkojo ulionyesha protini kidogo kupita mpaka, 46 wakati inatakiwa isifike 30. Daktari kasema tusihukumu kwa kipimo kimoja, nirudie baada ya miezi mitatu. Nimeanza dawa upya, za sukari na za presha, na kadi sasa imebandikwa kwenye mlango wa friji, mahali ambapo hata wageni wanaisoma.

Siku ya kuondoka mzee alitusindikiza mpaka stendi, kwa miguu kama kawaida yake. Aliniita pembeni. Mama alikuwa ameshamwambia yote, unajua nyumba zetu zilivyo. Akanipa daftari jipya la mistari, bado lina bei dukani kwa penseli, na kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameshaniandikia tarehe. "Mimi nilianza nikiwa na miaka 58," akasema. "Wewe una 36. Usinilipe kwa kuchelewa."

Nimeshajaza kurasa nne. Majibu ya miezi mitatu nitawaletea hapa hapa, yawe mazuri au mabaya. Na ile mada ya kamati za harusi inakuja mwezi ujao, safari hii nikiwa na swali moja la kuongeza kwenye orodha ya wachumba: mmeshapima sukari?

Mpaka wakati huo, pendaneni, na msifichane.